Binti Anayetaka Kuhesabu Damu



Ndugu wasomaji, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mzazi mwenzetu alibisha hodi nyumbani kwetu hapa Xiaobei akiwa amefuatana na binti yake. Mzazi huyu ni mtu wa mizigo. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akipakia bidhaa za watu katika makontena, na hapana boksi asiloweza kulikadiria uzito kwa kulitazama tu. Lakini usiku ule alikuja na jambo lililomshinda kukadiria. Binti yake amemaliza kidato cha 6 huko Dar es Salaam, katika mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, naye amekuja Guangzhou kukaa na wazazi wake akingojea chuo. Baba alikwisha mtafutia njia ya udaktari, maana vyuo kadhaa vya China huwafundisha wanafunzi wa kigeni udaktari kwa Kiingereza. Binti akasema hautaki. Anataka kusoma bioinfomatiki, na baadaye takwimu za vinasaba.

"Mwalimu," baba akatuambia, "mimi sikatai elimu. Nataka nijue tu: mtu akisha kusoma hayo, mwisho wake anakuwa nani?"

Hilo ni swali la haki, wala si la kumcheka mtu. Daktari tunamjua, mhandisi tunamjua, mhasibu tunamjua. Huyu wa nne hatujapata kumwona akifungua mlango wa ofisi yake mtaani petu. Tuliahidi kumjibu, na kwa kuwa twajua kwamba zipo nyumba nyingine zenye swali kama hilo, tumeona jibu lenyewe tuliandike hapa, ili lisomwe na wote.

ELIMU HII NI NINI?

Karibu kila seli ya mwili wa mwanadamu imebeba maandishi ya urithi, ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi twayaita vinasaba. Maandishi hayo yana herufi 4 tu, lakini zimepangwa katika mfuatano wa herufi zipatazo bilioni 3, nakala moja tumeirithi kwa mama na nyingine kwa baba. Rasimu ya kwanza ya kuyasoma maandishi hayo yote ilitangazwa mwezi Juni 2000, na kazi ikatangazwa kukamilika mwezi Aprili 2003, ingawa mapengo mengi yaliyobaki yalikuja kuzibwa mwaka 2022. Wenyeji wetu Wachina walikuwamo katika kazi ile; wao walipewa kusoma sehemu ipatayo 1 kwa 100.

Kusoma herufi, hata hivyo, si kuelewa maana. Hapo ndipo zinapoingia elimu mbili anazozitaka binti yetu. Bioinfomatiki ni elimu ya kuyahifadhi, kuyapanga na kuyalinganisha maandishi hayo kwa kompyuta, kwa kuwa hapana jicho la mtu liwezalo kupitia herufi bilioni 3. Takwimu za vinasaba ni elimu ya kupima: tofauti hii tunayoiona kati ya watu hawa na wale, ni ya kweli, au ni bahati tu?

Tuchukue mfano. Mtafiti anao watu 5,000 wenye kisukari na 5,000 wasio nacho. Analinganisha vinasaba vyao katika sehemu milioni 1. Katika tafiti nyingi za kawaida, jambo huhesabiwa kuwa si bahati ikiwa nafasi ya kutokea kwa bahati ni chini ya 5 katika 100. Mtafiti wetu akikitumia kipimo hicho, basi hata kama hapana sehemu yoyote inayohusika na kisukari, sehemu zipatazo 50,000 zitamdanganya kwamba zinahusika. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii walikubaliana juu ya kipimo kikali zaidi: 5 katika milioni 100. Asiyeijua hesabu hii ataijaza dunia habari za uongo kwa nia njema kabisa.

Yule baba aliposikia hayo akasema, "Kumbe ni mkaguzi." Tukamwambia, naam, ni mkaguzi. Wewe waijua hasara ya kontena lililokaguliwa na mtu asiyejua kazi.

Wala wazazi wasidhani kwamba elimu hii ni ngeni kabisa kwa watu wetu. Zile kanuni za hatua kwa hatua ambazo kompyuta hupewa ili izifuate, na ambazo wataalamu huziita algoriti, zimepata jina lake kutokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9.

DAMU YETU ILIKWISHA HESABIWA

Mwaka 1949 kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya, alirejea Kenya pamoja na msafara wa watafiti kutoka Oxford. Akachukua damu za watu wa makabila mbalimbali, akatafuta ndani yake dalili ya selimundu, maradhi ambayo wengi wetu twayaita siko seli. Alipozipanga hesabu zake akaona jambo la ajabu. Karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba kinasaba cha selimundu. Katika nyanda za juu, hawakufika hata mtu 1 katika 100. Allison akajiuliza: kuna nini pwani na ziwani kisichokuwako milimani? Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Anayekirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua selimundu.

Msomaji atambue kwamba jibu lile halikutoka katika damu ya mtu mmoja. Lilitokana na kuzipanga damu za wengi na kuzihesabu. Na faida yake imo majumbani mwetu hadi leo. Mume na mke wakiwa wote wawili wamebeba kinasaba hicho bila kuugua, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto mwenye selimundu. Kipimo cha damu kabla ya ndoa hakivunji heshima ya mtu yeyote, na huziepusha nyumba na majonzi yasiyotarajiwa.

Kazi hiyo haikuishia kwa Allison. Wapo wagonjwa wa selimundu ambao maumivu yao ni mepesi kuliko ya wenzao, kwa sababu damu yao imebakiza kwa wingi ile himoglobini ya utotoni, ambayo kwa kawaida hupungua sana baada ya kuzaliwa. Mwaka 2014 mtafiti wa Kitanzania, Siana Nkya wa Muhimbili, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliopitia vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 1,200 wa Tanzania, ili kutafuta sehemu zinazohusika na kubaki kwa himoglobini hiyo. Hapo alikuwapo binti wa kwetu, akiihesabu damu ya watu wa kwetu, kwa ajili ya wagonjwa wa kwetu.

MTU MMOJA NA NJIA YAKE

Baba wa binti alitaka mfano wa mtu aliyeipita njia hii hadi mwisho. Tukampa habari za Segun Fatumo, mtaalamu kutoka Nigeria ambaye kazi yake imezifaa sana nchi zetu za Afrika Mashariki.

Fatumo hakuanzia hospitali. Alianzia kwenye kompyuta, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Covenant, Nigeria, kwa kazi ya kompyuta iliyoelekezwa kwenye biolojia. Kisha akaingia katika ile miaka ambayo wazazi wengi hawaijui: miaka ya utafiti baada ya uzamivu, ambapo mtu ni daktari wa falsafa kwa jina lakini bado ni mwanagenzi kwa kazi. Yeye aliipitisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge na Taasisi ya Sanger huko Uingereza, akijifunza takwimu za vinasaba. Ndipo akaja Entebbe, Uganda, kuongoza kundi la watafiti wa vinasaba vya Waafrika, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Queen Mary, London.

Alikuwa mmoja wa watafiti wakuu wa kazi iliyotoka mwaka 2019, iliyokusanya vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa kusini magharibi mwa Uganda. Kati yao, karibu 2,000 walisomwa herufi zote. Jambo moja lililoonekana linawahusu wazazi wengi wa hapa Guangzhou. Kipimo kinachomwonyesha daktari wastani wa sukari ya mgonjwa kwa muda wa miezi ipatayo mitatu hutazama sukari iliyoshikamana na himoglobini. Watafiti wakaona kwamba kinasaba kimoja cha damu, ambacho kimeenea Afrika kwa sababu ya malaria na ni nadra kwa watu wa Ulaya, kinayagusa majibu ya kipimo hicho. Maana yake ni kwamba huenda kipimo kilichosanifiwa kwa damu ya wengine kisisome sawasawa damu ya baadhi yetu.

Kwa nini jambo hilo halikujulikana mapema? Kwa sababu damu yetu haikuwamo katika hesabu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani walijumlisha watu wote waliokuwa wameingizwa katika tafiti za aina hii duniani: 81 katika kila 100 walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika walikuwa wapatao 3. Dawa na vipimo vya kesho hujengwa juu ya hesabu hizo. Anayekosekana katika daftari hukosekana katika mgawo.

MAKABURI YA MTWAPA, MANDA NA KILWA

Binti, ambaye hadi hapo alikuwa kimya kwa adabu, akauliza kwa sauti ndogo, "Shikamoo mwalimu, na ule utafiti wa makaburi ya pwani?" Tukafurahi kwamba ameusikia.

Tarehe 29 Machi 2023 lilitoka katika jarida la Nature andiko juu ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani yetu na mji mmoja wa bara, wengi wao kati ya mwaka 1250 na 1800. Miongoni mwa mahali palipochunguzwa ni Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Katika viongozi wa kazi hiyo alikuwapo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya ambaye amechimba pwani kwa miongo mingi, na Esther Brielle, mtaalamu wa hesabu za vinasaba aliyekuwa wakati huo katika miaka yake ya utafiti baada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Harvard.

Waliyoyaona ni haya. Wengi wa waliopimwa walikuwa na asili mbili zilizochanganyika. Vile vinasaba vinavyopita kwa mama peke yake vilikuwa, kwa sehemu kubwa sana, vya Afrika. Vile vinavyopita kwa baba peke yake vilielekea zaidi Uajemi, na kulikuwamo pia kiasi cha asili ya Bara Hindi. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Arabuni iliongezeka. Mchanganyiko wenyewe ulianza kufikia mwaka 1000.

Wamejuaje mwaka, ilhali mifupa haina kalenda? Hapa msomaji ataona uzuri wa takwimu. Mtoto wa wazazi wa asili mbili hurithi kwa kila mmoja vipande virefu vya vinasaba. Katika kila kizazi vipande hivyo hukatwa na kuchanganywa upya, vikazidi kuwa vifupi. Ukipima urefu wa vipande katika mifupa ya mtu, unaweza kukadiria ni vizazi vingapi vimepita tangu wahenga wake walipokutana. Bibi zetu walizihesabu nasaba kwa majina. Hawa wamezihesabu kwa urefu wa vipande.

Tarihi ya Kilwa ilisimulia kwa karne nyingi habari za Washirazi waliokuja kwa majahazi, na wataalamu wengi wa karne ya 20 wakaishuku. Sasa hesabu zinaonyesha kwamba simulizi haikuwa tupu. Lakini hapa twaomba tusikilizwe vizuri, maana jambo hili limekwisha kutumiwa barazani kwa majivuno. Kwanza, wengi wa waliopimwa walizikwa katika makaburi ya watu wenye hadhi. Hesabu ya makaburi ya wakubwa haiwezi kusemea mji mzima, na mtaalamu mwaminifu wa takwimu ndiye wa kwanza kulisema hilo. Pili, wageni wale walioa kwa wenyeji, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao. Lugha tunayoiandika hapa ni ya Kibantu. Aliyedhani utafiti ule umemtoa Uafrika hakuusoma hadi mwisho.

Kwetu tunaoishi China kuna ladha nyingine. Ni Kusimba huyohuyo aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uchimbaji wa Manda uliopata sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia mwaka 1402 hadi 1424. Habari zake zilitangazwa mwaka 2013. Zama hizo ndizo za safari za Zheng He, Mwislamu wa Yunnan, ambaye merikebu zake zilifika Malindi. Sarafu huthibitisha kwamba bidhaa zilifika. Haithibitishi kwamba damu ilichanganyika. Kutofautisha mambo hayo mawili ndiyo kazi ambayo binti huyu anaitamani.

MIAKA NA MASHARTI YAKE

Sasa tuihesabu njia yenyewe, mzazi aijue kabla ya kutoa baraka zake. Shahada ya kwanza hapa China ni miaka 4, na kwa anayefadhiliwa na serikali ya China aghalabu hutanguliwa na mwaka 1 wa kujifunza Kichina. Shahada ya uzamili ni miaka 2 hadi 3. Uzamivu ni miaka 3 hadi 4, na mara nyingi huzidi. Kisha huja utafiti wa baada ya uzamivu, kwa mikataba ya miaka 2 au 3, na wengi hupitia mikataba miwili. Mtu akianza na miaka 19, hukaribia miaka 35 kabla hajapata kiti cha kudumu cha uhadhiri, na wengine hawakipati kabisa. Mishahara ya katikati hutegemea fedha za miradi. Mradi ukisha, mkataba nao huisha. Haya tumeyasema mbele ya binti mwenyewe, kwa sababu kumpeleka mtu safari ndefu pasipo kumwambia urefu wake ni kumdhulumu.

Lakini wasiopata uhadhiri hawaachwi njiani. Hospitali kubwa, maabara, viwanda vya dawa na taasisi za afya huwahitaji watu hawa. Jirani yetu Shenzhen ndiko yaliko makao ya BGI, moja kati ya makampuni makubwa duniani ya kusoma vinasaba. Hapa Guangzhou kipo Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, kilichoanzishwa mwaka 1924. Na kwa anayetaka kusomea nyumbani, masomo ya bioinfomatiki yanapatikana Makerere, Nairobi, na Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, si mbali na kituo cha utafiti ambacho tangu mwaka 1989 kimekuwa kikichunguza malaria na maradhi ya watoto wetu. Ufadhili wa serikali ya China nao una mipaka ya umri: chini ya miaka 25 kwa shahada ya kwanza, 35 kwa uzamili, 40 kwa uzamivu.

Wala si lazima kungoja chuo ndipo kijana ajaribu nguvu zake. Programu ya R, ambayo watakwimu huitumia dunia nzima, haina malipo. Vinasaba vya watu 2,504 wa jamii 26, vilivyosomwa katika mradi mkubwa uliokamilika mwaka 2015, viko wazi kwa kila mtu. Miongoni mwa jamii hizo wamo Waluhya wa Webuye, Kenya, na wamo Wahan wa kusini mwa China. Binti wa Dar es Salaam, akiwa ameketi Xiaobei, anaweza kuwalinganisha watu wa Webuye na majirani zake wa hapa kwa kompyuta ya kawaida, almuradi ameijua hesabu.

KOSA LETU SISI WALIMU

Neno hilo la hesabu ndilo linalotuuma. Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa Tanzania aliyeingia kidato cha 5 alilazimika kuchagua: ama fizikia, kemia na hisabati, ama fizikia, kemia na biolojia. Wa biolojia walibakiziwa hisabati nyepesi ya nyongeza. Elimu tunayoizungumza hapa imesimama juu ya miguu yote miwili, nasi tulikuwa tukiukata mguu mmoja mtoto akiwa na miaka 17.

Sisi wenyewe tulishiriki. Katika mojawapo ya shule tulizofundisha alikuwapo msichana aliyependa hisabati na biolojia kwa kiasi kimoja, na alikuja kutuuliza ashike lipi. Hatukumwuliza moyo wake unataka nini. Tulimwambia, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba mji unahitaji madaktari wa kike, na hisabati ataikuta mbele. Alama zake za mwisho hazikumfikisha udaktari, na kwa hisabati alikuwa amekwisha achwa nyuma. Miaka mingi baadaye tulikutana naye sokoni. Akatuamkia kwa heshima ile ile, wala hakulitaja jambo lile. Tungalipenda alitaje.

Kwa hiyo, usiku ule, jibu letu kwa baba lilikuwa hivi. Binti yako hajakosea kuchagua. Aliyepungukiwa ni yule aliyempangia masomo. Asikimbilie chuo mwaka huu kwa pupa. Maombi ya ufadhili kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa mwaka na kufungwa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Katika miezi hii aisome hisabati aliyonyimwa: kalkulasi, matriki, na nadharia ya uwezekano. Akiisha, umpime. Ikiwa hisabati imemchosha, udaktari upo na hauna aibu. Ikiwa imempendeza, mwache aende, nawe ujiandae kumvumilia hadi atakapokuwa mtu wa makamo.

Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Na ada ya kumfundisha hiyo hisabati?" Tukamwambia deni hilo tunalo sisi.

Binti ameanza Jumamosi iliyopita, baada ya Alasiri. Somo la kwanza lilikuwa uwezekano, kwa mfano wa mume na mke waliobeba kinasaba cha selimundu na watoto wao wanne. Alituuliza kama ile nafasi ya 1 katika 4 yamaanisha kwamba lazima mmoja kati ya wanne augue. Tukamwambia asitafute jibu kwetu, alihesabu mwenyewe. Alipomaliza aliona kwamba ziko nafasi zipatazo 32 katika 100 za wote wanne kusalimika, akaiangalia karatasi yake kwa muda mrefu.

Meza yetu ina viti vinne, na vitatu vingali vitupu. Mzazi mwenye kijana aliyekatwa mguu kama huyu, wa kiume au wa kike, na amlete siku hiyo hiyo na saa hiyo hiyo, na daftari la mraba.